Kabla ya polishi, pitisha klei: ushauri kwa gari linaloishi Arusha

Jumamosi hii ukishaliosha gari na kulikausha, usikimbilie kopo la polishi. Weka ncha za vidole kwenye boneti uzipitishe polepole kutoka kwenye kioo kuja mbele, kisha fanya hivyo hivyo kwenye paa na juu ya buti. Mkono ukiteleza bila kukwama popote, endelea na polishi yako, makala hii haikuhusu mpaka masika nyingine ipite. Ila ukisikia vichembe vinavyokwaruza kidole japo macho hayavioni, basi gari lako ni safi kwa kulitazama tu. Sabuni imeondoa kilichokaa juu ya rangi. Kilichoganda kwenye rangi bado kipo, na polishi utakayopaka itakifunika hapo hapo kilipo.

Kinachoondoa vichembe hivyo ni klei. Wauzaji wa vifaa vya magari mjini wanaifahamu, ingawa wengi wanauza zaidi manukato ya ndani na vifuniko vya viti. Ni kipande laini kinachoenea kiganjani. Kwa kukitazama ungedhani ni udongo wa kuchezea watoto, lakini kimetengenezwa kiwandani kwa malighafi yenye mnato iliyochanganywa na chembe laini mno za kukwangua. Asili yake ni Japani, kwa mafundi wa rangi waliokuwa wakisumbuliwa na rangi ya kupuliza inayorukia mahali isikotakiwa, na kuanzia miaka ya 1990 ikaanza kufika kwa wenye magari wa kawaida katika nchi nyingine. Unalowesha rangi kwa maji yenye utelezi, unatelezesha klei juu yake, na kila kichembe kilichochomoza kinanaswa na kung'oka. Rangi yenyewe haichomozi, kwa hiyo inabaki salama.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo: klei haing'arishi gari. Haiondoi mikwaruzo ya matawi ya miiba uliyoyapitia porini. Haiondoi ile michirizi ya duara unayoiona gari likipigwa na taa ya kituo cha mafuta usiku. Kama klia, lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi kuilinda, imeanza kubanduka kwenye paa, jambo la kawaida kwa magari yaliyokaa juani miaka mingi, klei haina msaada; hapo ni fundi rangi. Kinyesi cha ndege kilichokwisha kuila klia na kuacha kovu nacho ni hivyo hivyo. Kazi yake ni moja tu, kuuacha uso wa rangi mtupu kabisa, ili chochote utakachopaka baadaye kishike rangi badala ya kushika uchafu. Mng'ao unaouona baada ya hapo umetokana na polishi iliyopata mahali pa kukaa.

Kilichoganda kimetoka wapi

Huku kwetu vumbi linabeba lawama zote. Udongo wa chini ya Mlima Meru ni wa volkano, na kiangazi vumbi lake linafika hadi kwenye droo ya soksi. Lakini vumbi peke yake haling'ang'anii rangi. Maji ya kutosha na shampuu yanaliondoa. Ubaya wake uko kwingine: lina chembe ngumu, na ukilisugua likiwa kavu linachora klia. Hilo nitalirudia mbele, maana ndilo linaloharibu kazi ya klei kuliko kitu kingine chochote.

Kinachoganda hasa ni chuma. Kila unapokanyaga breki, diski na pedi zinasagana na kutoa unga wa chuma wenye moto. Chukua barabara ya Arusha kwenda Moshi: ukishazimaliza njia nne za Tengeru unaanza hamsini, tuta, zebra, ng'ombe, trafiki, hamsini tena. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, kote unakanyaga breki, na aliye mbele yako naye anakanyaga. Unga ule unarukia sehemu za chini za milango, madigadi na mlango wa nyuma, unajichimbia kwenye klia ukiwa bado wa moto, halafu ukipata mvua unashika kutu. Na kumbuka kwamba mengi ya magari yetu yalitumika Japani kwanza, yakakaa bandarini, yakasafiri baharini. Unapolinunua likiwa na mng'ao wa yadi, chini ya mng'ao huo kuna historia usiyoijua.

Kwenye gari jeupe kutu hiyo inaonekana kwa macho, na magari meupe ndiyo yaliyojaa mjini. Jirani yangu wa Njiro, mwalimu mstaafu mwenye Noah nyeupe, aliniita getini kwake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Hebu sogea uone, baba. Gari limeanza kuoza hili, na fundi ananiambia mlango mzima upigwe rangi upya.”

Nikainama. Vidoti vya rangi ya chungwa vilikuwa vingi chini ya kitasa na nyuma ya tairi, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini, na katikati ya kila kimoja palikuwa na kitone cheusi. Ukipitisha ukucha, unakwama. Bati likioza, rangi huvimba kutoka ndani na kupasuka. Hapa haikuwa imevimba popote. Nikaenda kuchukua dawa ya kuyeyusha chuma, nikapuliza kivulini, tukasubiri. Baada ya dakika chache kila kidoti kikaanza kuchuruzika zambarau, na harufu ya yai viza ikajaa pale uani.

“Mbona linatoka damu?”

“Dawa inakula chuma, mwalimu. Hamia upande huu, upepo usikuletee.”

Tukasuuza kwa maji mengi, nikapitisha klei kwenye vidoti vilivyobaki. Mlango haukupigwa rangi, na fundi yule hadi leo anamsalimia mwalimu kwa shingo upande.

Dawa hiyo haihitajiki kwa kila gari, lakini kama lako ni jeupe au rangi ya fedha na lina vidoti, ianze yenyewe kabla ya klei. Itapunguza kazi ya mkono kwa kiasi kikubwa, na kadiri unavyosugua kidogo ndivyo rangi inavyokuwa salama. Vaa glavu, usipulize juani, usiiache ikauke kwenye rangi. Rangi ya zambarau isikutie hofu.

Chanzo kingine cha chuma, ambacho watu hawakitilii maanani, ni karakana za mageti. Ziko kila mtaa, na grenda zake zinafanya kazi kandokando ya barabara. Unaegesha dakika kumi ununue vocha, upepo unageuka, cheche zinakufuata. Zile cheche ni vipande vya chuma chenye moto mkali. Vinaunguza klia na kukaa ndani yake, na vingine vinajishikiza hata kwenye kioo. Klei itatoa vilivyo juu juu. Vilivyozama vitaacha tundu dogo ambalo halizibiki kwa polishi yoyote, kwa hiyo ushauri wangu hapa si wa klei: ukisikia grenda, egesha mbali.

Lami unaifahamu, vile vidonge vyeusi nyuma ya matairi kila barabara inapowekwa viraka. Miti nayo ina yake. Mijakaranda ikichanua, Oktoba na Novemba, mji unapendeza na kila mtu anapiga picha. Aliyelaza gari chini yake anaamka kubandua maua yaliyoganda kwenye kioo na boneti. Mwembe ni mbaya zaidi, kwa ule unata unaodondoka kutoka kwenye majani yenye wadudu. Na kuna rangi ya kupuliza: jirani anapaka geti kwa kompresa, unga wa rangi unasafiri na upepo, unatua kwenye magari yote ya mtaa. Hii ya mwisho ndiyo kazi hasa ambayo klei iliundiwa, na inaifanya vizuri ajabu.

Kama vidole vyako vimezoea kazi ngumu na havisikii vichembe, tumia plastiki nyembamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ule ushauri wa ughaibuni wa kuvaa mfuko mkononi kwetu unahitaji marekebisho kidogo: mfuko uliofungia mkate unatosha. Uvae kama glavu, pitisha mkono kwenye rangi iliyooshwa. Plastiki inaondoa msuguano wa ngozi, ndiyo maana vichembe ambavyo hukuvisikia vinasikika waziwazi.

Kuosha, tena kuosha hasa

Hapa ndipo kazi ya Arusha inapotofautiana na video unazotazama. Wenzetu wanaosha gari lililotembea kwenye lami tupu. Letu limetoka Mto wa Mbu, au limetoka tu Moshono wakati wa kiangazi. Chembe moja ya mchanga ikibaki na ukaiburuza chini ya klei, umepata msasa. Klia kwenye magari mengi ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, takriban nusu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia. Huna akiba ya kuchezea.

Kwa hiyo anza na maji bila kugusa. Mimi natumia mashine ya presha, nikianzia paa kushuka chini, na nakaa sana kwenye sehemu ambazo vumbi linajificha: chini ya raba za madirisha, nyuma ya saiti mira, kwenye mfereji wa mlango wa nyuma, pembeni mwa namba za gari. Ukiruka sehemu hizo, klei ikipita karibu inavuta mchanga na kuuleta katikati ya mlango. Ndipo shampuu ya gari, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu. Juu kwanza, chini baadaye, rimu mwisho kwa kitambaa chake chenyewe.

Vijana wa kuosha magari barabarani ni wachapakazi na siwasemi vibaya, lakini kitambaa kilichotoka kwenye rimu mara nyingi ndicho kinachopanda kwenye boneti. Kama unapeleka kwao, nenda na vitambaa vyako, useme kwa upole: “Dogo, boneti kwanza, matairi mwisho, na tumia hivi vyangu.” Ongeza kidogo kwenye malipo. Hakuna anayekataa. Sabuni ya unga ya kufulia nguo mwombe aiache, maana inakomba polishi yote na kukausha raba.

Lami ishughulikie hapa, kabla ya klei. Dawa ya kutoa lami ndiyo nzuri. Ukikosa, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, bandika juu ya kidonge sekunde kadhaa, kifute bila kukandamiza, halafu osha sehemu hiyo kwa shampuu mara moja kwa sababu mafuta yanaacha utando. Petroli hapana, inaharibu raba na plastiki, na hatari ya moto haina haja ya kuelezwa. Ukiiachia klei kazi ya lami, itajaa weusi kabla hujamaliza mlango mmoja.

Kazi yenyewe

Tafuta kivuli. Moshi, ambako joto linawahi, ifikapo saa nne asubuhi boneti iliyo juani huwezi kuikalisha kiganja, na maji ya utelezi yanakauka kabla hujafika mwisho wa mkono. Ndugu zangu wa Pasua na Majengo, anzeni saa moja asubuhi, mkichelewa ahirisheni hadi saa kumi na moja jioni. Arusha shida inageuka: asubuhi ya Julai klei inakuwa ngumu na haitaki kukunjika. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, italainika.

Klei zinauzwa kwa ukali: laini, ya wastani na kali. Usidanganywe na rangi yake, kwa kuwa kila kiwanda kina mpangilio wake, soma boksi. Nunua laini. Inachukua muda zaidi, lakini makosa yake yanarekebishika. Ile kali waachie wanaotoa rangi ya kupuliza halafu wanafuata na mashine ya polishi, kwa sababu lazima itaacha ukungu kwenye rangi. Ukishanunua, kata kipande mara mbili na utumie nusu. Nusu nyingine ihifadhi, sababu yake utaiona muda si mrefu.

Finyanga ile nusu mkononi kama tonge, kisha ibonyeze iwe bapa, upana wa vidole vitatu au vinne. Maji ya utelezi unaweza kununua ya chupa yaliyotengenezwa kwa kazi hii, na kwa mara ya kwanza nakushauri ununue ili ujue utelezi unaotakiwa ukoje. Baadaye shampuu ya gari, vifuniko viwili kwenye lita moja ya maji safi ndani ya chupa ya kupuliza, inafanya kazi vizuri. Sabuni ya kuoshea vyombo siitaki: utelezi wake unaisha haraka, na kuna klei zinazomeguka zikikutana na sabuni kali. Ukiona klei inaanza kuwa ute au inaacha vipande, badilisha maji kwanza kabla hujamlaumu muuzaji.

Fanya sehemu ndogo, mraba wa sentimita 40 au 50 kwa kila upande. Puliza maji hadi yatiririke, puliza na klei yenyewe. Iweke juu ya rangi na uitelezeshe kwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, mkwaruzo ukitokea kwenye mstari ulionyooka hauonekani sana, wa duara unaonekana kila jua linapowaka. Nguvu ya mkono ni ile tu ya kuzuia klei isidondoke. Mtu akiona kichembe hakitoki anashawishika kukandamiza, na hapo ndipo rangi inapochubuka. Ongeza maji badala ya nguvu.

Halafu sikiliza. Mwanzoni klei inakwaruza, sauti kavu ndogo unayoisikia zaidi kidoleni kuliko sikioni, na inakuwa nzito, inasita. Ukipita mara kadhaa sauti inafifia, kisha ghafla mkono unakuwa mwepesi na klei inaogelea. Sehemu hiyo imekwisha, hamia nyingine. Huhitaji kuhesabu mipito wala kutazama saa. Kwenye paa utachukua muda, kwa sababu hakuna anayelisugua paa vizuri na kila kinachodondoka juani na mvuani kinatua pale. Milango kuanzia katikati kwenda juu itakwisha upesi. Chini ya milango na nyuma ya gari ndiko utakakopinda mgongo.

Kila unapohama, geuza klei uitazame. Kwenye gari langu, ambalo linakwenda Moshi na kurudi kila wiki, upande uliotumika unatoka na michirizi ya kahawia na vitone vyeusi, hata kama maji ya mwisho ya kuoshea yalikuwa meupe. Kunja uchafu uende ndani, finyanga upya, ubonyeze upande safi. Ikifika mahali kila unakokunja unakuta weusi, imekwisha kazi. Na ikikudondoka chini, hata mara moja, hata kwenye sakafu uliyoideki, usiirudishe kwenye rangi. Inanasa mchanga papo hapo na huwezi kuutoa wote. Ndiyo sababu ya ile nusu iliyobaki.

Futa kila sehemu kwa taulo safi la maikrofaiba, pitisha mkono, ukisikia kichembe rudia. Gari dogo kama Vitz au IST linachukua saa mbili hadi tatu kwa mtu asiye na haraka. Land Cruiser ya kazi, tenga asubuhi nzima na umpate mtu wa kukusaidia paa.

Kuna pia glavu na taulo zenye upande wa klei, zinazofanya kazi upesi zaidi, na zikidondoka unazisuuza unaendelea. Ni nzuri kwa anayefanya magari mengi. Kwa gari lako mwenyewe bado napendelea kipande, kwa kuwa vidole vinasikia kila kitu kupitia kwake, glavu inaficha.

Ukimaliza, suuza gari zima, likaushe, na siku hiyo hiyo paka kinga. Klei imeondoa na polishi ya zamani, kwa hiyo rangi iko uchi, na jua la huku kaskazini halisubiri. Kwa gari jeupe au la fedha, nta nzuri, yaani polishi ya kulinda isiyo na chembe za kusugua, inatosha. Kwa jeusi, au bluu iliyokoza, lipeleke juani kwanza ulitazame kwa ubavu: kama kuna ukungu au michirizi midogo iliyoachwa na klei, pitisha kwanza polishi laini yenye chembe za kusugua, ndipo nta. Wenye magari meusi wanafahamu kwamba waliyachagua wenyewe.

Mara ngapi? Vidole ndivyo vinavyosema, lakini kwa mazingira yetu mara moja kwa mwaka inatosha wengi, mwezi Juni masika ikishaisha. Mara mbili kwa anayesafiri sana. Novemba mwishoni nayo ina wateja wake, wale wanaotaka gari liwe tayari kwa Desemba, ingawa kwa wanaopanda kutoka Dar ningesema wasubiri wafike: kilomita zaidi ya mia tano za wadudu na lami zitairudisha kazi mwanzo. Yule anayepitisha klei kila mwezi anajifurahisha tu, na pole pole anaichosha klia yake.

Yako magari ambayo ningeyaacha. Lililopigwa rangi juzi, subiri angalau mwezi, na muulize fundi aliyelipiga, maana rangi nyingine zinachelewa kukomaa. Lililopigwa rangi vibaya, ambalo ukitazama pembe za milango unaona rangi imenyanyuka, klei itashika pale na kubandua kipande. Rangi isiyong'aa kwa makusudi, na stika za kufunika gari zisizong'aa, usiguse kabisa; utaacha mabaka yanayong'aa. Plastiki nyeusi za bampa na raba za madirisha ziruke, zinaacha alama kwenye klei na klei inaacha alama kwao. Magari ya zamani ambayo rangi yake haina klia juu yanafanyika vizuri, ila klei itatoka na rangi ya gari. Lisikushtue, ni rangi ya juu iliyochakaa inayotoka. Tumia mkono mwepesi zaidi.

Kioo cha mbele kinakubali klei bila wasiwasi, na ni mahali pazuri pa mtu wa mara ya kwanza kujifunzia kabla ya kugusa boneti. Waipa zikikwaruza au kuruka hata kwenye mvua kubwa, mara nyingi tatizo ni uchafu ulioganda kwenye kioo, na watu wananunua waipa mpya bure. Klei niliyokwisha kuitumia kwenye rangi huwa naiweka kwenye kopo lake la plastiki, nikiwa nimeipulizia maji ya utelezi ili isikauke, kwa ajili ya vioo na rimu tu. Kopo hilo nimeliandika kwa kalamu nene neno RIMU, kwa sababu shemeji yangu huwa anaazima vitu bila kuuliza.